Pasheni Ipandwe Lini?

Pasheni ni tunda la mviringo. Ganda lake ni gumu, na ndani lina majimaji ya manjano na mbegu nyingi nyeusi. Watu wengi wa pwani huliita karakara. Maji yake ni kinywaji kizuri kwa wakubwa na watoto, na tunda lenyewe huuzwa sokoni.

Mmea wa pasheni hutambaa. Ukiupa nguzo na waya utapanda juu na kutandaa. Ukitunzwa vizuri unaweza kuzaa kwa miaka mitatu au zaidi. Miche miwili au mitatu kando ya nyumba yatosha kuwapa watu wa nyumbani matunda ya kunywa, na ya ziada ya kuuza.

Lakini kupanda pasheni si kama kupanda mchicha. Mchicha ukifa, utasia mwingine wiki ijayo. Mche wa pasheni ukifa, umepoteza miezi mitatu ya kuulea. Umepoteza mbolea uliyoweka shimoni. Mara nyingi umepoteza na msimu mzima. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: pasheni ipandwe lini?

KOSA LETU LA MACHI 2022

Mimi ni mwalimu wa kisomo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Katika kijiji kimoja cha milimani tulikuwa na darasa la watu 24. Tulikubaliana kuanzisha bustani ya darasa. Kila mwanakisomo alitoa shilingi 1,000, tukanunua miche 24 ya pasheni. Kila mtu alikuwa na mche wake.

Mapema mwezi wa Machi 2022 mvua ilinyesha usiku. Asubuhi majani yalikuwa yanameta na njia ilikuwa na utelezi. Nikawaambia wanakisomo, "Leo tupande."

Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi wote, aliinama akaparua ardhi kwa kidole. Akasema, "Mwalimu, hii imeosha majani tu. Haijashuka chini."

Nikamjibu, "Bibi, tukingoja tutachelewa."

Akasema, "Haya. Wewe ndiye mwalimu."

Tulipanda. Siku ya pili jua likatoka. Likawaka siku 17 mfululizo bila tone la mvua. Wiki ya kwanza tulichota maji mtoni tukamwagilia. Wiki ya pili watu walichoka, maana kila mtu alikuwa na shamba lake la kuandaa. Mvua iliporudi, miche 19 ilikuwa imekufa. Shilingi 19,000 za wanakisomo zilikuwa zimekauka pamoja nayo.

Bibi yule hakunicheka. Alisema tu, "Mwaka ujao tuulize udongo." Maneno hayo ndiyo somo letu la leo.

PASHENI INATAKA NINI

Asili ya pasheni ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Brazili, Paraguai na Ajentina. Huko ulikuwa mmea wa msituni unaotambaa juu ya miti. Tukijua hivyo tutaelewa tabia zake.

Kwanza, inataka unyevu wa kutosha, hasa ikiwa changa. Mizizi ya mche mchanga haijaenda chini. Iko karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo jua hukausha kwanza.

Pili, haitaki maji yaliyotuama. Udongo ukijaa maji siku nyingi mizizi huoza, na mmea hunyauka kama vile umekosa maji.

Tatu, haitaki baridi kali. Katika baadhi ya mabonde ya Njombe na Makete, miezi ya Juni na Julai huleta sakitu, yaani umande ulioganda. Sakitu huunguza majani ya mche mchanga.

Kuna aina mbili zinazojulikana sana. Pasheni ya zambarau hustawi zaidi nyanda za juu zenye ubaridi wa wastani. Pasheni ya manjano huvumilia joto la pwani na tambarare. Chagua aina inayofaa kwenu kabla ya kuchagua siku.

JUA MVUA ZA KWENU

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua za kweli. Hapo mche utapata mvua za wiki nyingi mbele yake, na mizizi itakuwa imeshuka kabla ya kiangazi kufika.

Lakini mvua za Tanzania si za aina moja.

Sehemu nyingine hupata misimu miwili ya mvua. Hizo ni kama Kagera, Mwanza, Mara, Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei.

Sehemu nyingine hupata msimu mmoja mrefu. Hizo ni kama Mbeya, Iringa, Njombe, Rukwa, Ruvuma, Dodoma, Singida, Tabora, Lindi na Mtwara. Mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili au Mei.

Mwenye misimu miwili ataniuliza: je, nipande vuli au masika? Kama una maji karibu ya kumwagilia, unaweza kupanda katika msimu wowote. Kama huna maji karibu, chagua masika. Vuli ni fupi. Baada yake huja jua kali la Januari na Februari. Mche uliopandwa Novemba mwishoni utakutana na jua hilo kabla haujakomaa. Baada ya masika hufuata miezi ya ubaridi, na jua lake si kali kiasi hicho.

Mwenye msimu mmoja hana uchaguzi mkubwa. Apande Novemba au Desemba, mara mvua zinaposhika. Akichelewa hadi Machi, mche utapata mvua kidogo tu, kisha kiangazi na baridi vitaukuta ungali mdogo.

HESABU KURUDI NYUMA

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanangoja mvua inyeshe, halafu wanaanza kutafuta mbegu. Mvua haimngoji mtu. Siku ya kupanda huandaliwa miezi mitatu kabla.

Tuone miche huchukua muda gani kitaluni:

Mbegu kuota: wiki 3.
Mche kukua hadi kuhamishiwa katika kiriba: wiki 3.
Mche kukua ndani ya kiriba: wiki 8.
Jumla: wiki 14.

Hii ni hesabu ya wastani. Mbegu mbichi zilizotoka katika tunda bivu huota mapema kuliko zilizokaa sana. Mahali penye baridi ongeza wiki nne, maana ubaridi huchelewesha miche.

Sasa chukua kalenda. Tuseme kwenu mvua za masika hushika karibu na Machi 25. Rudi nyuma wiki 14, yaani siku 98. Utafika Desemba 17. Hiyo ndiyo siku ya kusia mbegu. Baada ya hapo kazi zitafuatana hivi:

Desemba, wiki ya tatu: sia mbegu kitaluni, chini ya kivuli.
Januari, wiki ya pili: mbegu zinaota. Mwagilia kila siku.
Januari mwishoni: hamishia miche katika viriba.
Februari: chimba mashimo na kuyajaza. Simamisha nguzo.
Machi, wiki mbili za kwanza: punguza kivuli na maji kidogo kidogo.
Machi mwishoni: miche iko tayari. Ngoja mvua.

Kama unanunua miche badala ya kuotesha, hesabu bado ni ile ile. Mwambie mwenye kitalu mapema, ili na yeye ahesabu kurudi nyuma.

SHIMO LITANGULIE MVUA

Chimba shimo lenye upana wa sentimeta 60, urefu wa sentimeta 60 na kina cha sentimeta 60. Udongo wa juu uweke upande mmoja, na udongo wa chini upande wa pili. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kisha urudishe shimoni. Acha kijilima kidogo juu, maana udongo utashuka.

Fanya kazi hii wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Samadi mbichi huwa na moto wa kuunguza mizizi. Shimo lililojazwa leo na kupandwa leo litabonyea mvua ikinyesha. Mche nao utazama, na maji yatatuama kwenye shina.

Kutoka mche hadi mche acha meta 3. Kutoka mstari hadi mstari acha meta 2. Nguzo ya meta 2 na nusu ifukie nusu meta, ili meta 2 zibaki juu. Funga waya juu ya nguzo. Hapo kichanja chako kiko tayari.

MCHE UKO TAYARI?

Usipande mche kwa sababu mvua imenyesha. Upande kwa sababu mvua imenyesha na mche wenyewe umekuwa tayari. Mche ulio tayari una alama hizi:

Urefu wake ni sentimeta 20 hadi 30, karibu shibiri moja au zaidi.
Shina lake limekaza, halilali.
Majani yake ni ya kijani, hayana mabaka wala mikunjo.
Umeshazoea jua kwa wiki mbili.

Alama ya mwisho husahauliwa sana. Mche uliolelewa kivulini hadi siku ya mwisho ni kama mtoto aliyebebwa mgongoni siku zote. Ukimshusha njiani hatafika mbali. Miche yetu ya 2022 ilitolewa kivulini asubuhi na kupandwa juani siku hiyo hiyo. Hata mvua ingeendelea, mingine ingekufa.

ULIZA UDONGO

Wazee wetu wana alama nyingi za mvua. Wapo wanaotazama pepo, zinapobadilika kutoka kaskazi kuwa kusi. Wapo wanaotazama nyota za kilimia. Wazee wa pwani husema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hayo si maneno matupu. Kila mwaka karibu na mwisho wa Aprili kilimia huzama mapema jioni, wakati wa masika, na mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri, masika yakiwa yamekwisha.

Alama hizi hukuambia msimu. Hazikuambii siku. Na msimu wenyewe hubadilika mwaka hadi mwaka. Mwaka 2021 vuli zilikuwa haba sana. Mwaka 2023, wakati wa El Niño, vuli zilikuwa nyingi hata zikaleta mafuriko. Mtu aliyefuata kalenda peke yake alikosea katika miaka yote miwili.

Kwa hiyo tumia kalenda kuandaa, sikiliza redio kujua mwelekeo, na uulize udongo kabla ya kupanda. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu. Bwana shamba au bibi shamba wa kata ataeleza maana yake kwa eneo lenu.

Udongo huulizwa hivi. Siku moja baada ya mvua, chukua jembe uchimbe kando ya shimo lako. Chimba kina cha sentimeta 30, kama kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Toa udongo wa chini kabisa, uufumbate mkononi, kisha ufumbue.

Ukimwagika kama unga, mvua haijashuka. Ngoja.
Ukishikamana kama tonge, unyevu umefika. Jiandae.
Ukichuruzika maji au kunata kama matope, umelowa mno. Ngoja siku mbili au tatu.

Udongo wa kichanga haushikamani sana hata ukiwa na unyevu. Mwenye udongo huo auguse kwa mkono: ukiwa wa baridi na rangi yake imekolea, unyevu upo.

Ukitaka kupima mvua, weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Asubuhi ingiza rula upime maji. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila meta moja ya mraba. Mvua ya milimita 5 ni lita 5 tu, na jua la siku moja mbili litazirudisha juu. Mvua ya milimita 20 ni lita 20, karibu debe zima.

Unyevu ukishafika chini, usikimbilie bado. Ngoja mvua kubwa ya pili ndani ya wiki moja hivi. Mvua ya kwanza huweza kuwa mgeni mpita njia. Ikija ya pili udongo ungali na unyevu, hiyo ndiyo dalili ya kuwa msimu umeshika. Kumngoja mgeni wa pili hukupotezea siku chache tu. Kupanda na wa kwanza huweza kukupotezea mwaka.

SIKU YA KUPANDA

Panda jioni, au siku yenye mawingu. Mwagilia mche kabla ya kuupanda. Chana kiriba chote ukitoe, maana mizizi haiwezi kupita katika plastiki. Ushike udongo wake usimomonyoke.

Fukia mche kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba, usizidishe. Kandamiza udongo kwa mkono, kisha umwagilie hata kama kuna mvua. Tandaza nyasi kavu kuuzunguka, lakini zisiguse shina. Simika kijiti na kamba ili mche upate njia ya kupanda hadi kwenye waya.

Baki na miche michache kitaluni, kama mmoja katika kila kumi. Hiyo ni ya kuzibia mapengo.

UKICHELEWA JE?

Huenda mvua zimeshika na miche yako ingali midogo. Usilazimishe. Kama kuna maji karibu na nyumba, panda miwili tu, uimwagilie lita 5 au zaidi kila baada ya siku mbili au tatu wakati wa kiangazi. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa. Mingine iache kitaluni hadi msimu ujao, uihamishie katika viriba vikubwa zaidi.

Kama msimu uko nusu, na huna maji karibu, ni heri kungoja. Mche katika kiriba unahitaji kikombe kimoja cha maji. Mche shambani wakati wa kiangazi unahitaji ndoo.

ANDIKA

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Chukua daftari, uandike siku mvua ya kwanza iliponyesha, siku udongo uliposhikamana, siku ya mvua ya pili, na siku uliyopanda. Fanya hivyo kila mwaka. Baada ya miaka mitano utakuwa na kitabu kuhusu mvua za kitongoji chako, kitabu ambacho hakiuzwi katika duka lolote.

Darasa letu lilifanya hivyo. Desemba 2022 tulisia mbegu wenyewe. Machi 2023 mvua ya kwanza iliponyesha, watu wote walinitazama mimi. Mimi nikamtazama bibi. Alichimba, akafumbata udongo, akaumwaga. "Bado," alisema. Tukaandika daftarini: bado. Siku tisa baadaye alichimba tena, akatoa tonge, akampa kila mtu aliguse. Tulingoja mvua moja zaidi, kisha tukapanda miche 24. Miche 22 ilishika. Miwili tuliizibia kwa ile tuliyoiacha kitaluni.

Desemba mwaka huo, miezi minane tangu kupanda, matunda ya kwanza yalianguka chini yenyewe, maana pasheni ikiiva huanguka. Bibi alipata lake. Alilikata, akanipa nusu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwenu mvua huanza mwezi gani? Je, ni misimu miwili au mmoja?
2. Kwa nini mvua ya kwanza huweza kumdanganya mkulima?
3. Wazee wa kijiji chenu hutumia alama gani kujua mvua? Zipi hukuambia msimu, na zipi hukuambia siku?
4. Mwalimu alikosea mambo mawili mwaka 2022. Yataje.

ZOEZI LA HESABU

1. Mvua za kwenu hushika karibu na Desemba 10. Miche inahitaji wiki 14. Utasia mbegu tarehe gani?
2. Unataka kupanda vuli, Oktoba 20. Kwenu Julai kuna baridi, hivyo miche inahitaji wiki 18. Utasia mbegu tarehe gani?
3. Kopo lako limeonyesha milimita 12 za mvua. Ni lita ngapi katika kila meta moja ya mraba?

Majibu: 1. Septemba 3. 2. Juni 16. 3. Lita 12.